Diwani mkongwe wa Mbarara na mfanyabiashara asiye na kura

MBARARA, Uganda

Mfanyabiashara anayetoka Nakivale alfajiri na mabunda ya vitenge, akayashusha Nyamityobora kabla jua halijawa kali, huwa anajua mengi kuhusu sheria za biashara. Anajua mzigo wa chini ya dola 2,000 unavyopita mpakani kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Anajua lori lipi linapitia Mutukula na lipi linapitia Kikagati kuvuka mto Kagera hadi Murongo. Anajua kwamba Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Somalia ikafuata mwaka 2024. Asichokijua, mara nyingi, ni jina la mtu aliyeinua mkono katika baraza la jiji siku ushuru wa meza yake ulipopangwa.

Mtu huyo ni diwani. Mbarara humwita kansela, na kwa wengine amekuwa kansela tangu wakiwa shuleni. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2026 baraza limeanza muhula mpya wa miaka mitano, na kama kawaida zipo sura mpya na zipo zile ambazo wenye maduka wamezizoea. Katika siasa za miji ya Uganda, diwani wa mihula mitatu au minne si ajabu. Kinachofaa kuulizwa na mtu anayeishi kwa kuvusha bidhaa ni kwa nini anadumu hivyo, na udumu huo unamgharimu nani.

Nyamityobora ni mahali pazuri pa kuanzia. Mtaa huu uko Kakoba, upande wa jiji ambako vyumba vya kupanga vimesongamana na duka la rejareja hushikana ukuta na saluni na kibanda cha chapati. Kiswahili cha Kongo husikika humo pamoja na Kinyarwanda na Runyankore. Watu waliokuja Nakivale kama wakimbizi hupanga hapa wanapopata mtaji kidogo. Wengine hulala kambini na kuuza mjini, wengine huacha watoto kambini na kuja kutafuta.

Na wanaotafuta wameongezeka. Goma ilichukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari, na watu wakavuka tena kuingia Uganda. Mwezi Mei mwaka huo huo Shirika la Chakula Duniani, WFP, likatangaza kwamba fedha zimepungua na kwamba wakimbizi wapatao milioni 1 nchini Uganda wangekatiwa msaada wa chakula. Familia iliyokuwa ikipokea mgao na kuuza sehemu yake ili kununua sabuni sasa haina mgao wala cha kuuza. Kilichobaki ni biashara ndogo, na soko kubwa lililo karibu ni Mbarara.

Miaka 28, chaguzi 7

Mtu aliyeingia barazani mwaka 1998, katika uchaguzi wa kwanza chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997, na akashinda kila mara hadi leo, angekuwa amesimama mbele ya wapiga kura mara saba: 1998, 2002, 2006, 2011, 2016, 2021 na 2026. Kumfuata diwani wa namna hiyo hatua kwa hatua ni njia nzuri ya kuona kazi hii ilivyobadilika.

Alipoanza, diwani alikuwa mtu mzito. Baraza lilikuwa na kodi ya kichwa, ile waliyoiita graduated tax, na wanaume waliokosa tiketi yake walifukuzwa vichochoroni na askari wa halmashauri. Kodi hiyo ilichukiwa sana, lakini ndiyo iliyokuwa mfuko wa serikali za mitaa. Zabuni za kukusanya ushuru wa soko na wa maegesho ya magari zilitolewa kwa watu binafsi kupitia bodi za zabuni za wilaya, na katika miji mingi ya Uganda ilikuwa siri ya wazi kwamba anayetaka zabuni lazima kwanza ajuane na madiwani. Mfanyabiashara wa wakati huo hakuhitaji kueleweshwa diwani ni nani. Alimwona kila siku.

Kisha mambo yakaanza kupunguzwa, moja baada ya jingine. Mwaka 2005 kodi ya kichwa ikafutwa. Mwaka huo huo kura ya maoni ikarudisha mfumo wa vyama vingi, na kuanzia 2006 diwani akawa mtu wa chama. Bodi za zabuni zikavunjwa, zikaja kamati za mikataba zinazoundwa na watumishi wa serikali, diwani akiwa nje ya mlango. Karani mkuu wa jiji, ambaye ndiye mwenye saini ya fedha, huletwa na kuhamishwa na serikali kuu. Diwani anaweza kumgombeza kikaoni, kumwondoa hawezi.

Tarehe 1 Julai 2020 Mbarara ikapandishwa kuwa jiji pamoja na Gulu, Jinja, Mbale, Masaka, Arua na Fort Portal. Lakini divisheni sita za manispaa, yaani Kakoba, Kamukuzi, Nyamitanga, Biharwe, Kakiika na Nyakayojo, zikabanwa kuwa mbili, Kaskazini na Kusini. Kakoba, ambayo ilikuwa na baraza lake na mwenyekiti wake, ikamezwa ndani ya Kusini. Kwa mkazi wa Nyamityobora maana yake ilikuwa kwamba ofisi ya karibu ya kulalamikia ilisogea mbali. Kwa madiwani maana yake ilikuwa viti vichache na wagombea walewale, na katika mchujo wa aina hiyo mtu mwenye jina la zamani huwa na nafuu.

Fedha kubwa nazo zikaanza kupita juu ya vichwa vyao. Barabara za lami na taa za mitaani zilizobadilisha sura ya Mbarara zilijengwa kwa mpango wa USMID, fedha za Benki ya Dunia zilizoanza kuingia katika manispaa 14 kuanzia 2013. Awamu ya nyongeza ya mpango huo, ya dola milioni 360, ilifika hata wilaya zinazohifadhi wakimbizi, Isingiro yenye Nakivale ikiwemo. Soko kuu jipya la jiji lilijengwa kwa programu ya MATIP kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Diwani alikata utepe akiwa safu ya nyuma.

Kwa hiyo, swali la kwanza lina jibu ambalo pengine halitazamiwi. Diwani mkongwe hakudumu kwa sababu ana nguvu. Alidumu wakati nguvu ikimtoka, kwa sababu alichobaki nacho ni kile ambacho serikali kuu haiwezi kukifanya kutoka Kampala. Huenda kwenye misiba. Huwajua wenyeviti wa LC1 kwa majina ya utani. Husimama mdhamini mtu anapokamatwa kwa kukosa leseni, hupatanisha mpangaji na mwenye nyumba, hupiga simu kwa afisa wa afya wa jiji kibanda kinapofungwa. Katika eneo ambalo mara nyingi mshindi hujulikana tangu kura za mchujo za NRM, zinazopigwa kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea kama ilivyokuwa Julai 2025, watu wanaosimama nyuma yako mchana kweupe ni wale waliokuona msibani kwao.

Posho yake inatoka wapi

Lipo jambo moja ambalo kila mwenye meza sokoni angepaswa kulijua, na ambalo halisemwi majukwaani. Sheria ya Serikali za Mitaa inaweka kikomo: fedha ambazo baraza linaweza kutumia kuwalipa madiwani wake haziwezi kuzidi asilimia 20 ya mapato ya ndani yaliyokusanywa mwaka wa fedha uliotangulia. Mapato ya ndani ni leseni za biashara, ushuru wa soko, kodi ya majengo, kodi ya hoteli, ada za maegesho na mengineyo. Ruzuku za serikali kuu, ambazo ndizo sehemu kubwa ya bajeti ya jiji, hazihesabiwi humo.

Hesabu yake ni rahisi. Baraza likikusanya shilingi bilioni 1, mwaka unaofuata haliwezi kulipa posho za zaidi ya milioni 200. Likikusanya bilioni 2, kikomo kinapanda hadi milioni 400. Sheria inataka baraza likutane angalau mara moja kila miezi miwili, kamati zake vilevile, na kila kikao kina posho. Fedha ya vikao inapokauka, vikao huahirishwa.

Nia ya sheria ilikuwa njema: madiwani wasile ruzuku ya shule na zahanati, na wawe na sababu ya kusimamia makusanyo. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba diwani ana maslahi ya moja kwa moja katika kile anacholipa mfanyabiashara mdogo. Kupandisha kodi ya majengo kunagusa matajiri wenye maghorofa, ambao wengine ndio wafadhili wa kampeni. Kupandisha ushuru wa meza kunagusa wauza nyanya, ambao nao ni wapiga kura wengi. Hapo katikati yuko mtu mmoja anayelipa bila kumtia mtu yeyote hofu: mfanyabiashara mgeni. Analipa meza, analipa leseni, analipa gari la mizigo, na siku ya uchaguzi anafunga duka na kukaa ndani.

Hii haisemi kwamba madiwani wa Mbarara wamekaa wakapanga njama dhidi ya Wakongomani au Wasomali. Haihitaji njama. Inatosha kwamba, kikao kinapojadili nani abebe mzigo, mmoja wa wabebaji hana wa kumsemea. Na chini ya sheria, divisheni hubaki na nusu ya mapato inayokusanya na kupeleka nusu nyingine kwa jiji, kwa hiyo kishawishi hicho kipo ngazi zote mbili.

Nakivale anapiga kura, Mbarara hapigi

Ajabu ni kwamba mkimbizi ana uchaguzi, ila si hapa. Nakivale, iliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya wakati huo, ina mabaraza ya ustawi wa wakimbizi ya ngazi tatu, yaliyoundwa kwa kufuata mfano wa LC. Mkaaji wa Kabahinda au New Congo humchagua mwenyekiti wake, humlalamikia, na humwondoa. Juu yao yuko kamanda wa makazi kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu, lakini chini kuna sauti.

Akifika Nyamityobora, sauti hiyo inakatika. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu kutembea na kufanya kazi, jambo ambalo nchi nyingi za dunia hazimpi mkimbizi. Haimpi kura. Katika mipango ya misaada anahesabiwa Isingiro hata kama amelala Mbarara miaka mitano. Mji unaotumia maji yake, taka zake zikiwemo, haupokei fungu lolote kwa ajili yake. Viongozi wa miji ya kaskazini magharibi kama Arua na Koboko wamelisema jambo hili kwa miaka mingi. Mbarara haijalisema kwa sauti kubwa hivyo, pengine kwa sababu wageni wake wamekuja kidogo kidogo na wamekuja na mtaji.

Kwa hiyo mlango wake wa kwanza ni mwenyekiti wa LC1. Bila barua ya utambulisho kutoka kwake hakuna chumba, hakuna akaunti, na ukikamatwa usiku hakuna wa kukujua. Na huyu naye ni mkongwe wa aina yake. Uchaguzi wa LC1 ulifanyika 2001, kisha ukakwama hadi tarehe 10 Julai 2018, watu walipopanga mistari. Kwa miaka 17 wenyeviti walewale walipiga mihuri ileile, wengine wakafa na makamu wao wakaendelea. Muda wa waliochaguliwa 2018 nao ulipoisha 2023, ukaongezwa, ukaongezwa tena. Kwa miaka mingi serikali ilimlipa mwenyekiti shilingi 120,000 kwa mwaka, yaani 10,000 kwa mwezi. Mtu akishangaa kwa nini muhuri una bei, jibu liko katika hesabu hiyo.

Kutoka kwa mwenyekiti, njia inakwenda kwa diwani. Na hapa ndipo ukongwe wa diwani unapogeuka kuwa faida kwa mgeni. Diwani mpya haoni sababu ya kumsaidia mtu asiye na kura. Diwani wa miaka 20 ameona mengi. Alikuwepo Wanyarwanda walipokuwa wakivuka kwa Katuna bila shida, alikuwepo mpaka huo ulipofungwa Februari 2019 na Mbarara ikapoteza wateja, na alikuwepo ulipofunguliwa tena mwisho wa Januari 2022. Anajua kutokana na uzoefu, si kutokana na hotuba, kwamba mgeni akiondoka chumba kinabaki tupu, na mwenye chumba ni mpiga kura wake. Wengi wa walinzi wa wageni mjini walifika hapo kwa njia hiyo: wenye nyumba waliwasukuma.

Lakini ulinzi wa namna hii una kasoro moja kubwa. Umo ndani ya mtu. Haukuandikwa popote. Siku diwani huyo akishindwa katika mchujo, au akifa, mfanyabiashara anaanza upya kujitambulisha, akiwa na namba ya simu isiyojibiwa. Na hata akiwa hai, msaada wake ni wa mtu mmoja mmoja: anamtoa fulani rumande, habadilishi kiwango cha ushuru. Anayesaidiwa hivyo hushukuru, na mtu anayeshukuru haulizi kwa nini alikamatwa.

Wenzao kwingine

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kushangaa kwamba diwani anaweza kukaa miaka 28 mahali pamoja. Tanzania ilifuta serikali za mitaa mwaka 1972 na kuzirudisha za mijini 1978. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa 1996 ikawekwa tume, kisha Februari 2021 Rais Magufuli akaivunja tena na hadhi ya jiji ikahamia Ilala. Nairobi ilitawaliwa na tume kutoka 1983 hadi 1992, na mwaka 2013 madiwani wa Kenya walitoweka wote, nafasi yao ikachukuliwa na wawakilishi wa wadi katika mabunge ya kaunti. Charles Rubia, meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi kuanzia 1962, aliutumia udiwani kama ngazi: baraza, umeya, ubunge, uwaziri, halafu kizuizini mwaka 1990.

Hata Kampala haikusalimika. Sheria mpya ya jiji hilo ilimkabidhi mkurugenzi mtendaji anayeteuliwa na rais madaraka mengi kuanzia 2011, na Novemba 2013 madiwani wenyewe walipiga kura kumwondoa Meya Erias Lukwago, ambaye wapiga kura walimrudisha 2016. Mbarara haijapitia msukosuko wa aina hiyo. Baraza lake halikuvunjwa, lilipanuliwa na kubanwa tu, na ndiyo maana ukongwe umewezekana.

Kwa Mkongomani wa Nyamityobora ulinganisho ni wa namna nyingine kabisa. Nchini kwake madiwani wa komuni walichaguliwa Desemba 2023, tena katika baadhi ya komuni tu, baada ya miongo ambayo bagumesta aliteuliwa kutoka juu. Masisi na Rutshuru, wanakotoka wengi wa Nakivale, hakukupigwa kura kabisa kwa sababu ya vita. Mtu wa huko hajawahi kumwajibisha diwani. Akiambiwa kwamba Mbarara yupo mtu aliyechaguliwa na anayeweza kuulizwa kuhusu ushuru wa soko, hulisikia kama jambo la wenyewe.

Kwa nini sasa

Baraza jipya litapanga viwango vya miaka yake kadiri bajeti zinavyokuja. Mwaka wa fedha wa Uganda huanza Julai 1, na bajeti inayopitishwa kabla ya tarehe hiyo huwa imeanza kupikwa miezi mingi nyuma, katika kongamano la bajeti ambalo kwa kawaida hufanyika kati ya Oktoba na Novemba. Mwaliko wa kongamano hilo huwaendea viongozi wa masoko, wa boda boda, wa dini na wa mashirika. Hakuna anayeulizwa kadi ya kupigia kura mlangoni. Vyama vya wauzaji vya Mbarara huingia humo. Wafanyabiashara wa Nakivale, ambao wana vikundi vyao vya kuweka na kukopa na wanajua kutunza hesabu kuliko mabaraza mengi, kwa kawaida hawamo.

Kikwazo kimoja ni lugha. Vikao huendeshwa kwa Kiingereza na Runyankore. Baraza la mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, lakini uamuzi huo bado haujashuka hadi ukumbi wa jiji. Mbarara ina kumbukumbu yake na Kiswahili. Kwa kizazi cha wazee ni lugha ya askari, na mji huu uliharibiwa vibaya katika vita vya 1979, majeshi ya Tanzania yalipoingia. Madiwani wakongwe ni watu wa kizazi hicho au watoto wake. Sokoni, hata hivyo, wanakisema vizuri tu.

Mabadiliko ya malipo nayo yanasukuma upande mwingine. Siku hizi ada nyingi za jiji hutakiwa kulipwa benki au kwa simu, kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa kompyuta. Mkusanyaji wa zamani aliyepokea noti na kuandika nusu anaondoka polepole, na pamoja naye inaondoka nafasi ya diwani ya kuomba fulani asamehewe. Kwa mfanyabiashara mgeni hilo lina pande mbili. Hapoteza fedha kwa risiti bandia, lakini mfumo haumjui mtu na haupokei simu. Anachopata badala yake ni karatasi yenye jina lake na kiasi alicholipa, mwaka baada ya mwaka. Kikundi cha wanawake 30 wa Nyamityobora kikifika kwenye kongamano la Oktoba na risiti za mwaka mzima zimefungwa kwa mpira, diwani yeyote, mkongwe au mgeni, atakuwa ameketi mbele ya hesabu ya posho yake mwenyewe.